Herufi ya Mwisho

Aliingia kibandani kwangu Ngara, taipureta kaifunika kwa shali ya sufi,
akaitua mezani kama mtu aliyeleta mtoto zahanati.
"Mkono mmoja umekatika," akasema. "Ule wa Ya."
Nikamwuliza: ya nini?
Akacheka hadi Jivanji wa duka la saa akachungulia dirishani.

Kwao Ya ni herufi. Ndiyo inayofunga alfabeti yao,
na ikisimama peke yake, maana yake ni mimi.
R iliyogeuka, inayotazama ilikotoka.

Jina lake Innokenti Durasov. Barabara nzima tulimwita Inosenti,
naye hakukataa. Mwandishi wa habari,
aliletwa na gazeti la kwao mwaka ule
bendera yetu ingali na mikunjo ya dukani.
Alizaliwa kando ya mto uitwao Kama.
Mto kama nini? Akacheka tena.
"Mwanafalsafa azaliwe wapi," akaniambia,
"ila kwenye mto ambao haujamaliza sentensi?"

Miaka ishirini na saba alipeleka habari kwa waya:
bei ya kahawa, mgomo wa reli, mafuriko ya Mathare,
wakulima waliopewa matrekta yasiyo na vipuri.
Hilo la vipuri hawakulichapa.
Huko Moscow palikuwa na mhariri mwenye kalamu ya bluu;
kila "mimi nimeona" aliikata
akaandika "imeonekana".
Imeonekana na nani?
Swali hilo Durasov alilitafuna chumbani Pangani, usiku,
kwa karatasi za kaboni, kurasa mia sita.
Falsafa yake yote ni hiyo, mimi sikusikia nyingine:
kwamba hakuna habari isiyo na macho,
na macho hayakosi mwenyewe,
na mwenyewe hakosi kudaiwa kodi ya nyumba.

Alidaiwa sana. Hakuwa malaika.
Mama Kavinya alimfungia mlango Julai mbili mfululizo,
akalala kwangu katikati ya mashine,
akisema baridi ya Nairobi ni ya kusingiziwa,
huku anakohoa.

Kisha nchi yake ikafungwa kama duka,
na gazeti nalo. Hakuna aliyemwita arudi;
wa kuita hakuwepo.
Akafundisha mantiki jioni, ukumbi wa Kariokor,
makarani tisa na askari mmoja wa lindo
ambaye, aliniapia, ndiye pekee aliyejua kuuliza.

Ya yake niliitafutia R ya Olivetti iliyokufa.
Ajuaye kazi hii anajua: kwenye chuma herufi hukaa kinyume.
Nikamwonyesha kwa kioo cha kukuza: tazama,
hapa kwenye chuma, R yetu ndiyo wewe.
Ikishagonga karatasi, inakuwa mtu mwingine.
Akanyamaza mpaka chai ikapoa.
Nikachonga mpya kwa shaba ya bomba, siku mbili, tupa ndogo.

Wakati wa kulipa (alilipa nusu) nikamwambia nami la kwangu,
fundi nisiyesoma vitabu vyake:
kwetu ya haisimami peke yake.
Kuna kitu kabla yake, kuna kitu baada yake.
Habari ya asubuhi. Barabara ya Juja. Kazi ya mikono.
Ukiiacha ukingoni, mtu atakungoja umalize.
Akaliandika hilo kiganjani, kama mtoto wa shule.
Sijui kama limo katika zile kurasa. Lugha yake siisomi.

Sasa yuko Lang'ata, safu ya nyuma, karibu na ua.
Kijana wa mkahawa mmoja Westlands anaitaka taipureta,
iwe pambo la rafu. Alianza elfu kumi na tano,
amefika ishirini. Pesa ninaihitaji, sidanganyi.

Asubuhi hii, kabla hajaja,
nimetia karatasi ya risiti nikaigonga ile ya shaba, mara moja.
Imeinama kidogo kushoto. Ni kazi yangu, ninaijua.
Kabla yake nimeandika kwa mkono: habari.
Baada yake nimeacha wazi.